Skrubu ya Nane

Lonzo Pruitt alikuwa fundi wa kabureta, vile vifaa vinavyochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia injini, na katika kaunti zile tatu za milimani, Carolina Kaskazini, hakuna dereva wa mashindano aliyethubutu kusema yuko mwingine. Kabureta iliyotoka kiwandani aliiona kama unga ambao haujachekechwa. Aliifungua yote, akaikata ile shingo iliyosimama juu bure, akayasugua makoo yake manne ya kupitishia hewa kwa msasa mpaka kidole kikateleza. Kisha alipunguza kwa tupa unene wa vile vijiti vinavyobeba vipepeo, yaani visahani vinavyofunguka dereva akikanyaga mafuta na kujifunga akiachia.

"Hewa ni mvivu," alikuwa akisema. "Ukiiondolea vikwazo njiani, itafanya kazi ya farasi ishirini."

Mteja wake wa kwanza alikuwa shemeji yake, Garland Teague, mume wa mdogo wake Verlene. Garland alikuwa na miaka arobaini na sita. Siku za kazi alipasua mbao kiwandani, na kila Jumamosi alasiri aliendesha gari namba kumi na saba kwenye udongo mwekundu wa uwanja wa Brushy Fork. Hawakujua kuongea bila kutaniana.

"Shemeji, umeifanya nini kabureta yangu? Gari linakohoa kama mhubiri mwenye mafua!"

"Halikohoi. Linalia kwa kubebeshwa hilo tumbo."

"Tumbo hili ndilo linalishikilia chini kwenye kona, mjinga wewe."

Jumamosi moja ya Mei mwaka 1978, Garland alikuwa wa pili, zikiwa zimebaki duru sita. Lonzo alikuwa amesimama kwenye uzio karibu na kona ya tatu, na kama kawaida yake alikuwa akisikiliza zaidi ya kutazama. Kila gari linapofika pale, mngurumo hushuka kidogo, dereva anaachia mafuta ili aikate kona. Mngurumo wa kumi na saba haukushuka. Gari lilipita mbele ya macho yake likiwa limefungulia mafuta vilevile, likaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa zege. Garland hakufikishwa hospitali akiwa hai.

Mwenye uwanja alisema dereva alikosea, na habari ikaishia hapo. Watu hawakuishia hapo. Kwenye mgahawa wa njia panda, Boyd Sparks, dereva mwenzake Garland wa miaka mingi, alikoroga kahawa yake akatikisa kichwa.

"Namlilia Garland, Mungu ananiona. Lakini alitaka kumpita kwa nguvu yule kijana aliyekuwa mbele. Mtu mzima anafika kona ya tatu hainui mguu! Ubongo alikuwa ameuacha nyumbani."

Lonzo alisikia, akalipia mayai ambayo hakuyala, akatoka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata Verlene aliamini hivyo. Mazishini hakutoa chozi. Wiki moja baadaye alizishusha picha zote za mumewe akiwa na makombe, akazitia sandukuni na kuzipeleka ghalani. Madereva wenzake walipotaka namba kumi na saba ichongwe kwenye jiwe la kaburi, aliwakatalia mlangoni.

"Namba hiyo ndiyo aliyoichagua akaniacha mimi," aliwaambia. "Andikeni jina lake, basi."

Gari lilikuwa limelala kwenye ghala hilohilo, limefunikwa turubai. Lonzo hakuwa na moyo wa kulitazama. Mwezi Julai, Verlene alipokwenda kwa mama yao kutwa nzima, Lonzo alijikaza akaingia na bisibisi. Alitaka kujua tu, alijiambia. Mngurumo ule haukuwa umemtoka masikioni, na Garland hakuwa mtu wa kusahau kuinua mguu.

Kabureta ilikuwa imebonyea ubavu mmoja. Aliing'oa, akaigeuza chini juu kwenye mwanga wa mlango. Vipepeo viwili vilikuwa vimejifunga. Viwili vya kijiti cha pili vilikuwa wazi, na alipovisukuma kwa kidole vikagoma. Kati ya ukingo wa kimoja na ukuta wa koo kulikuwa na skrubu ndogo, imebanwa kama kokoto kwenye bawaba.

Kila kipepeo hushikwa na skrubu mbili, na vipepeo ni vinne. Kazi ya fundi, akishazikaza, ni kuugonga mkia wa kila moja nyuma ya kijiti utanuke, isije ikajifungua kwa mtikisiko. Jambo hilo Lonzo alilifundisha kwa miaka ishirini. Alizihesabu. Skrubu saba zilikuwa zimetanuka mikia. Aliichomoa ya nane, akaiweka kiganjani. Mkia wake ulikuwa laini, haujaguswa na nyundo.

Alikaa chini kwenye sakafu ya udongo. Siku aliyoifunga kabureta ile ilimjia yote, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Ilikuwa Alhamisi, mchana. Nyundo ilikuwa mkononi alipoingia Verlene na kuku wa kukaanga na mikate ya siagi ndani ya kitambaa. Alimsimulia jinsi Garland alivyofukuzwa na bata mzinga wa jirani mpaka juu ya paa la gari, wakacheka hadi wakapangusa machozi. Verlene alipoondoka, Lonzo alinawa mafuta ya kuku mikononi, akaendelea na hatua iliyofuata.

Skrubu ile alitembea nayo mfukoni siku tisa. Mara mbili alisimama kwenye daraja la kijito akitaka kuitupa majini. Hakuna aliyekuwa anauliza, na hakuna ambaye angeuliza. Lakini kila alipofumba macho alimwona Garland akiinua mguu, akiinua tena, na gari halisikii.

Siku ya kumi alimkuta Verlene barazani, anavunja maharage mabichi kwenye beseni. Hakukaa.

"Verlene, Garland aliachia mafuta."

"Nini?"

"Pale konani. Aliinua mguu. Kabureta ndiyo haikufunga." Akaiweka skrubu kwenye mkono wa kiti. "Hii ilitoka ikakibana kipepeo. Sikuigonga mkia. Kazi yangu, mkono wangu."

Verlene aliiokota skrubu, akaigeuza vidoleni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unazifunga ngapi kwa mwaka, kaka?"

"Mia kadhaa."

"Na hii ukaisahau. Ulikuwa unafanya nini?"

Lonzo alivikumbuka. Kuku, kitambaa, bata mzinga, vyote alivimeza.

"Hakuna," alisema. "Nilisahau tu."

"Ulisahau tu." Beseni lilianguka, maharage yakatapakaa barazani. "Miezi miwili, Lonzo! Miezi miwili namtukana mtu kaburini! Naamka asubuhi namwambia, ulinithamini nini wewe? Na yeye alikuwa anahangaika na lile dude lako arudi nyumbani!"

Ndipo kilio kikaja, kilio alichokizuia mazishini, nacho kikawa msiba mpya. Lonzo alinyoosha mkono amshike bega.

"Usiniguse. Ondoka, kaka. Ondoka."

Jumamosi iliyofuata, madereva walipokusanyika kupewa maelekezo, Lonzo aliomba nafasi. Alisema yote mbele ya watu arobaini, hakujitetea. Boyd Sparks alivua kofia akainamisha kichwa.

"Lonzo, nimemsema vibaya rafiki yangu," alisema.

"Mimi nimemfanyia vibaya zaidi."

Wengine walimfuata mpaka kwenye gari lake wakimwambia kosa moja halifuti miaka ishirini, na kwamba watamletea kabureta zao kama zamani. Aliwashukuru. Jumatatu aliandika kwenye ubao wa karakana kwamba anatengeneza matrekta na mashine za kukatia nyasi tu. Namba kumi na saba ilichongwa kwenye jiwe mwezi Agosti. Yeye aliiona baadaye, alipokwenda peke yake.

Verlene hakumsemesha mpaka majani ya mlimani yalipoanza kuwa mekundu. Alisimamisha gari nje ya karakana, hakuzima injini, akashusha kioo.

"Mama anakula kidogo siku hizi. Anataka watoto wake wote mezani Jumapili."

"Nitakuja."

"Sijakusamehe. Usije ukafikiri nimekuja kwa hilo."

"Najua."

Alikwenda. Mama yao alisali, sala ndefu, akamtaja Garland kwa jina. Verlene alikaa upande wa pili, macho kwenye sahani yake. Maneno aliyomwambia Lonzo mlo mzima yalikuwa mawili tu, "chumvi hiyo," naye akaisogeza. Baada ya chakula Lonzo alimsaidia mama kupanda kitandani, akachukua kofia yake. Hakuna aliyetoka kumsindikiza.

Jumapili iliyofuata alikwenda tena.