Taa za Wifi

Mdogo wangu hakuwahi kuniona nikiwa kazini. Mimi ni dijei wa harusi: napakia spika kwenye gari, nazipeleka ukumbi wowote utakaoniita, na napiga muziki mpaka wazee wavue viatu. Watu nisiowajua hata kwa sura wamenikumbatia na jasho lao. Yeye, kitindamimba wetu ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, alikuwa akinisikia tu. Ana kifafa, na kifafa chake huamshwa na taa zinazowaka na kuzima haraka haraka. Kwa hiyo kila ndugu alipooa au kuolewa, Kitinda alishuhudia ndoa, akala, akapiga picha, na mara taa za ukumbi zilipozimwa ili watu wacheze, alitoka taratibu akaenda kukaa kwenye gari, vioo juu.

Alikuja kwetu asubuhi moja kututangazia kuwa anaolewa, na usoni alikuwa na ombi hata kabla hajaketi. Mke wangu alikuwa anakunja waya. Huyu mke wangu ndiye mtu wa taa katika kazi yetu, wateja humwita Mama Swichi. Mimi nina spika. Yeye ana kompyuta inayoziamuru taa zetu nane kupitia waya, kwa utaratibu unaoitwa DMX: akibonyeza hapa, kule ukutani panakuwa pekundu.

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia Kitinda. "Siku hiyo taa zote tunaziacha nyumbani. Tutawasha balbu za ukumbi, basi."

Akanikazia macho. "Kaka, miaka yote nakaa nje ya harusi za watu. Ya kwangu ndiyo uniwashie balbu kama tuko benki?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka taa za wifi. Nicheze ndani yake kama watu wengine." Kisha akamgeukia mke wangu, akacheka kidogo, kicheko cha kuficha aibu. "Hata harusi yako, wifi, niliisikia kutoka kwenye gari. Na hilo jenereta lenu bovu. Kila harusi, mkifika wimbo wa mwisho, umeme unakatika."

Nilitaka kulitetea jenereta langu, lakini mke wangu alikuwa ameuacha waya. Siku ya harusi yetu aliambiwa kwamba Kitinda ameshikwa na homa, amerudi nyumbani. Ndivyo mama alivyoamua isemwe. Ugonjwa wenyewe alikuja kuujua baadaye, ila hilo la gari lilikuwa jipya kwake. Wale wawili walikuwa wakisalimiana vizuri, lakini uwifi wenyewe, ule wa kutaniana na kuazimana viatu, haukuwahi kushika. Nilidhani mke wangu atasema pole.

"Keti, wifi," alisema. "Nieleze ni taa gani hasa zinazokuumiza. Usiruke kitu."

Wakaketi mpaka chai ikapoa. Mimi nikatumwa kununua mkate, na nilipopinga nikaambiwa hapo sina kazi.

Kesho yake sebule yetu iligeuka ukumbi. Taa nne juu ya makochi, nne sakafuni, mapazia yamefungwa mchana kweupe, mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa. Kiolezo tulichokuwa tukitumia, yaani ule mpango wa taa unaokuja umeshapangwa tayari, mke wangu alikipata kwenye mtandao na alikuwa anakipenda. Kilitengenezwa kwa ajili ya klabu kubwa na kilikuwa na vitufe vingi kama mbegu za papai. Pilipili yake ilikuwa ile tunayoiita waka-zima. Ukiibonyeza wakati ngoma imepanda, vijana wanapiga kelele. Mke wangu akaifuta bila hata kuvuta pumzi.

"Tayari," nikasema. "Tupakie."

"Bado."

Akaanza kufungua kitufe kimoja kimoja. Nyekundu-buluu-nyekundu, mbio mbio. Hiyo nayo ni waka-zima, akasema, imevaa nguo za rangi tu. Akaipunguza kasi mpaka nyekundu ikawa inaondoka kama mgeni anayeaga, hamalizi kuaga. Nami nina hasira za karibu, najijua. Nikamwambia kwamba hiyo sasa si harusi, ni chumba cha kulaza mtoto.

"Mwenda pole hajikwai," akanijibu, macho kwenye kompyuta. "Na wifi yangu hatajikwaa."

Nikafyata mkia.

Halafu likatokea jambo la ajabu. Alitaka kuongeza mwanga kidogo katika rangi ya dhahabu, akasukuma kidhibiti cha mwanga polepole, na sebule nzima ikaanza kuwaka na kuzima kama imepagawa. Tukaangaliana. Akatafuta karatasi ya maelezo iliyokuja na taa, akaisoma huku anafuata mistari kwa kidole. Kumbe kiolezo kilidhani taa zetu ni za aina nyingine. Chaneli, yaani njia ya kupitishia amri, ambayo chenyewe kiliijua kuwa ya mwanga, kwenye taa zetu ilikuwa ya kasi ya waka-zima. Tulikuwa tumeishi na kosa hilo tangu siku ya kwanza, na katika kila harusi lilipojitokeza tulidhani ni mbwembwe. Wateja walitusifia!

Mke wangu hakucheka. Aliketi akaziandika upya taa zote, chaneli kwa chaneli, hii mwanga, hii nyekundu, hii usiiguse kamwe. Alipomaliza akazirekodi kwa simu akampelekea daktari wa Kitinda. Daktari akasema rangi mbili bado zina haraka, nazo zikapunguzwa. Akasema pia kwamba hakuna mtu wa kutoa ahadi kamili katika ugonjwa huu: bibi harusi ameze dawa zake, alale vya kutosha, na akijisikia vibaya akae chini.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nikainuka kwenda kunywa maji, mguu wangu ukanasa kwenye waya, waya ukachomoka kwenye kompyuta. Taa zote nane, zilipoona hazina wa kuziamuru, zikaanzisha ngoma yao zenyewe, waka-zima, waka-zima, kila moja na wazimu wake.

Mke wangu akazitazama moja moja. Nikasubiri kutukanwa.

"Ahsante," akasema. "Ukumbini ungekuwa mguu wa mtu mwingine."

Akaenda nyuma ya kila taa, kwenye kile kidirisha chake kidogo, akaichagulia: ukikosa amri, baki na amri ya mwisho. Kisha akanipa kazi niliyoiweza, kuchomoa waya. Nikachomoa, nikarudisha, nikachomoa tena, na kila mara taa zikatulia palepale zilipokuwa. Kiolezo kipya akakihifadhi kwa jina la Harusi ya Wifi.

Siku ilipofika, ukumbi ulikuwa na mapazia mazito, na alasiri ile tuliyashusha yote. Taa za ukumbi zilipozimwa, nilimwona Kitinda akiinuka kwenye kiti cha bibi harusi na kutazama mlangoni. Miguu ilikuwa imezoea. Mumewe akamshika mkono. Mke wangu akabonyeza dhahabu, ikaja polepole mpaka ikawajaa wote wawili, na mdogo wangu akasimama akiitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ameiazima. Kisha akacheza. Mungu wangu, kumbe anajua kucheza! Alijifunzia wapi, kwenye kiti cha nyuma cha gari?

Wimbo wa nne au wa tano, mjomba wetu, anayecheza kama mtu anayeua mende, akaupiga waya teke, ukachomoka. Mke wangu alibonyeza kitufe, hakikujibu. Akabonyeza kingine. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, nikimtazama Kitinda aliyekuwa katikati kabisa ya ukumbi.

Dhahabu ikabaki dhahabu. Hakuna aliyegundua.

"Niurudishe waya?" nikanong'ona.

"Usiguse kitu. Zimeshika. Zikirudishiwa amri zinaweza kuruka." Alikuwa anatabasamu.

Basi kazi yote ile ya sebuleni, rangi zote zile, na harusi ikachezwa katika rangi moja.

Nikafika wimbo wa mwisho. Katika wimbo huo nina desturi yangu: kikifika kiitikio nazima muziki ghafla, na ukumbi mzima unaimba wenyewe, bila chombo. Nikazima. Watu wakapokea. Kitinda peke yake akasimama, akageuka huku na huku akiangalia midomo ya watu, shangazi, majirani, mama yetu amefumba macho anaimba. Akaja mpaka mbele ya meza yangu.

"Kaka," akasema. "Kumbe umeme huwa haukatiki."

Nilitikisa kichwa tu.

Akazunguka meza, akamshika mke wangu mkono, akamvuta kutoka nyuma ya kompyuta. "Wifi, toka huko. Twende." Mke wangu akanitazama kuomba ruhusa, mtu asiyewahi kuniomba ruhusa ya kitu. Nikamwambia asante, nikairudia, sijui kama alinisikia katika kuimba kule.

Kwa kawaida narudisha muziki baada ya kiitikio kimoja. Siku ile mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe, nikawatazama wakicheza, wamevua viatu, wanacheka, na sikuurudisha.