Oili ya Munywani

Buberwa na mimi tulinywana, yaani tulichanjiana udugu wa damu, tukiwa vijana. Buni moja ya kahawa ilipasuliwa, kila mmoja akameza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Kwetu Wahaya, munywani ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Humtaji kwa ubaya mbele za watu. Na akikuletea pombe, huna haja ya kungoja aionje kwanza kuonyesha haina sumu, kama wanavyofanya watu wengine wote. Unapokea, unakunywa. Laiti ningejua!

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, mashine ya kusaga ya kijiji cha Kimwani ilianza kutoa moshi mzito na kuishiwa nguvu. Buberwa, mtunza ghala wa kijiji, alinifuata gereji kwangu Muleba.

"Karugendo, munywani wange, njoo utuokoe. Akina mama wanatwanga muhogo kwa mikono."

Nikaenda kifua mbele. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Rutashobya, alinipokea kwa onyo. "Fundi, hii ni mali ya umma. Ikifia mikononi mwako, hiyo ni hujuma, nami nitakukabidhi polisi." Nilicheka. Mimi nishindwe na injini?

Nilipoifungua, nikakuta pistoni imevaa masizi magumu, ringi zimeganda kwenye mifereji yake. Spea hazikupatikana, iwe Bukoba au Mwanza. Nikailoweka pistoni kwenye mafuta ya taa, petroli na mafuta kidogo ya breki. Asubuhi nikaisugua kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma kingeikwaruza. Ringi zikaachia moja baada ya nyingine. Nyie, ile pistoni iling'aa mpaka nikawaita akina mama waje waione! Yale mafuta machafu niliyolowekea niliyaacha kwenye debe chini ya benchi.

Buberwa akaleta galoni ya oili mpya, ile adimu aliyotumwa kuifuata Bukoba. Oili ya mtu yeyote huwa naipikicha kwanza kati ya vidole na kuinusa. Ya Buberwa sikuinusa, ingekuwa kumtukana. Niliimimina huku tunapiga soga, wala macho yangu hayakuwa kwenye galoni.

Injini ikanguruma vizuri, wanawake wakapiga vigelegele. Kabla gunia la kwanza halijaisha, ikatoa mlio wa chuma kula chuma, ikanoki, ikakwama kabisa. Nilipofungua nati ya chini, oili ilitoka nyepesi kama maji, inanuka mafuta ya taa, imejaa chembe za masizi. Masizi yangu mwenyewe! Nikakimbilia benchi. Debe lilikuwa tupu.

Kwenye mkutano Buberwa ndiye aliyesimama wa kwanza. "Ndugu wanakijiji, fundi alisahau kumwaga mafuta aliyooshea." Hakunitazama hata mara moja.

Mzee Rutashobya akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Lakini nilikumbuka ile punje ya kahawa niliyoimeza.

"Sina," nikasema.

Wakachukua spana zangu zote, wakanifungia kwenye ofisi ya kijiji ningoje kupelekwa polisi. Jioni mgambo alimruhusu Buberwa kuingia. Alikuwa na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Oili yenyewe niliiuza, iko kwenye lori la mtu wa Miembeni," alisema taratibu. "Nilijua hutanitaja, Karugendo. Angekuwa fundi mwingine nisingethubutu."

Nilitaka kumkaba. Badala yake nililia, nikalia kwa sauti bila aibu. Kifungo sikukiogopa tena. Kilichoniuma ni kwamba uaminifu wangu ndio aliouchagua kama chombo cha kazi.

Alingoja nimalize, kisha akaninyooshea kibuyu. Kabla sijakishika akakirudisha kwake, akaweka mrija mdomoni, akaonja kwanza. Miaka yote ile hakuwahi kunionjea.