Mti wa Tatu

Mlio wa shoka ulifika hadi matangani. Wanawake waliacha kulia wakatazamana, maana kwetu Kabambare, siku za kilio zikiwa hazijaisha, hakuna anayeinua jembe wala shoka. Anayeinua huitwa mchawi. Siku ile mchawi nilikuwa mimi.

Tulikuwa makantonie watatu, watengenezaji wa barabara, na kazi yetu ilikuwa daraja la miti kwenye njia ya Kasongo. La zamani lilikuwa limeoza, watu wakivuka kwa miguu majini. Bruno alikata miti msituni, vijana wakaikokota kwa kamba, mimi nikaichonga, na Sumaili, mkubwa wetu, akaipanga na kuipigilia. Bruno akichelewa, mimi nakaa. Mimi nikichelewa, Sumaili anakaa. Kidole kimoja hakivunji chawa, tulikuwa tukiambiana, na aliyesema hivyo zaidi ni Bruno, ambaye kidole chake ndicho kilichopenda kulala.

Tulitakiwa kumaliza kabla ya mvua. Sumaili alikuwa na haraka kuliko sisi: mkewe Mwamvita alikuwa na mimba nzito, na muuguzi alikuwa ameonya asijaribu kuzalia kijijini, apelekwe Kasongo akapasuliwe. Shemeji zake walitaka Mwamvita aende mapema. Sumaili akacheka.

“Barabara iko mikononi mwangu. Ijumaa muke wangu anapita pale juu na pikipiki.”

Miti miwili kati ya mitatu ya daraja ililala juu ya mto. Wa tatu ulikuwa bado msituni mama yangu alipofariki.

Wa kwanza kuweka nyundo chini alikuwa Sumaili. Nilimsihi abaki na kazi, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

“Kazi haiwezi kukimbia, Hervé. Mama yako anazikwa leo.”

Wakaja wote, hata Bruno, wakakaa nami chini, wakalia kama waliofiwa wao. Nasema kweli, katika uchungu ule nilifurahi kuwa na wenzangu.

Kesho yake mvua ikanyesha. Mtu akaja kumwita Sumaili: Mwamvita ameshikwa na uchungu. Pikipiki ilipofika mtoni, maji yalikuwa yamejaa, yakipiga ile miti miwili iliyolowa. Mwanamume mzima angepita pale kwa kutambaa. Mwanamke mwenye uchungu, hapana. Walimlaza ukingoni juu ya kitenge wakingoja maji yapungue. Hayakupungua. Mwamvita akaondoka na mtoto wake tumboni, na wakati huo mimi nilikuwa nimekaa matangani, naletewa ugali.

Tukaenda kumlilia. Nani asingeenda? Sumaili alitoka ndani akatukuta tumeketi mkekani. Hakupaza sauti.

“Munafanya nini hapa?”

“Tumekuja kulia na wewe, yaya,” nikasema, nikimwita kaka mkubwa.

“Mama yako tulimulilia na machozi. Mwamvita mumulilie na shoka. Muende.”

Hakuna aliyejitikisa. Shangazi wa marehemu alikuwa akitukodolea macho, na mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Bruno, mvivu wetu. Nikamfuata kwa aibu.

Mti wa tatu uliwekwa mahali pake kabla ya siku za kilio kwisha. Wazee walitupa majina ambayo bado yanatufuata sokoni. Lakini daraja ni imara, pikipiki zinapita mvua na jua, na wajawazito wanafika Kasongo.

Sumaili hapiti. Mto ukijaa, anarudi nyumbani. Ukipungua, anakunja suruali, anashika viatu mkononi na kuvuka majini, chini ya daraja tulilolimaliza bila yeye. Watu wa pikipiki humcheka huko juu. Tukiwa pamoja naye safarini, mimi na Bruno pia tunavua viatu.