Ukurasa wa Shukrani

Katika tasnifu ya Agnetha, Bibi Costansia aliitwa Mshiriki Namba Saba, na jambo hilo lilimkera Agnetha kama mwiba wa samaki uliokwama kooni. Chuo kilikuwa na utaratibu wake: watu waliohojiwa katika utafiti hawatajwi majina. Lakini bila huyo Namba Saba, shahada ya uzamili ya sayansi ya dawa ingepatikana wapi?

Mwaka mzima Agnetha alikuwa ameloweka majani ya omubirizi, mmea mchungu wa dawa wa kwao, katika spiriti, kwenye maabara ya Dar es Salaam, akiyapima kwa bakteria wa vidonda, na bakteria wakastawi kana kwamba wamepewa uji. Msimamizi wake alikwisha kumshauri atafute mada nyingine. Ndipo aliporudi nyumbani Bugomora, akakaa wiki tatu jikoni kwa jirani yao, mjane aliyetibu vidonda vya kijiji kizima.

“Nani kakwambia yanatumika mabichi?” Bibi Costansia alimcheka mpaka akashika mbavu. “Mawe, mama yangu! Shule yote hiyo, mjukuu wangu, na jani hujui kulibabua!”

Kumbe majani yalibabuliwa kwanza juu ya moto mdogo, yakafungwa kwenye jani la mgomba kutwa nzima, ndipo yakapondwa na samli. Agnetha alipofanya hivyo maabara, bakteria wakafa. Msimamizi alimpigia simu mwenyewe kumpongeza.

Katika wiki zile tatu, siku moja wakiponda dawa, bibi alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia jirani yeyote. Alizaliwa ng’ambo ya Mto Kagera, nchi jirani, akavushwa akiwa mgongoni kwa mama yake. Jina alilopewa na mama huyo ni Nyirabageni. Costansia ni la ubatizo. Na miaka ile watu wenye asili ya ng’ambo waliporudishwa kwa makundi, akalishika hilo moja tu, asije akarudishwa naye. Kitambulisho chake kinasema Costansia, mzaliwa wa Kiruruma, kwenye ukoo wa marehemu mumewe.

“Tangu mume wangu, mzee Kahigi, afe, hakuna aliyeniita,” alisema. “Hebu niite mara moja, nilisikie.”

“Nyirabageni,” Agnetha aliita, kwa haya.

“Karame,” bibi aliitika kwa lugha ya kwao, akajifuta macho kwa kiganja chenye samli.

Agnetha alidhani ameelewa. Alidhani mzee anataka jina lake lisikike duniani kabla hajaondoka. Kwa hiyo, alipofika ukurasa wa shukrani, ambao hakuna mwalimu anayeusoma kwa makini, aliliandika. Alilichapa taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayefuma zawadi.

Ilibaki barua moja tu. Chuo kilitaka muhuri wa kijiji, kuthibitisha kwamba matokeo ya utafiti yamerudishwa kwa wananchi. Bila muhuri, jina lake lisingeingia kwenye orodha ya wahitimu wa mwaka ule. Kikao kikaitishwa nje ya ofisi ya kijiji. Agnetha hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu, hivyo alimwandalia Mtendaji Rogasian muhtasari wa Kiswahili amsomee, na mwishoni akaambatanisha ule ukurasa wa shukrani. Alitaka kuuona uso wa bibi utakaposomwa.

Mtendaji alisoma vizuri, watu wakapiga makofi waliposikia kwamba dawa yao imeshinda mitihani ya wasomi. Kisha akafika mwisho.

“‘Na zaidi ya wote, Bibi Nyirabageni wa Bugomora, mwalimu wangu wa kweli.’” Akavua miwani. “Nyira-nani? Bugomora hatuna mtu huyo.”

“Mwalimu wake si yule pale?” Mugisha alisema kutoka nyuma. Kibanja chake kilipakana na cha bibi, na walikuwa wakigombania mstari wa mwisho wa migomba. “Au Costansia amebatizwa upya na sisi hatukualikwa kunywa rubisi?”

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, maana bibi mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vinakunja na kukunjua pindo la kitenge. Hapo ndipo Agnetha alipotambua kwamba kuna jina la kuitwa jikoni na jina la kuitwa barazani.

“Nimekosea, Mtendaji,” alisema. “Hakuna mtu huyo. Nilitunga.”

“Ulitunga?” Mtendaji aliweka karatasi chini. “Binti Rwegoshora, nigonge muhuri wa serikali kwenye kazi ya watu wa kutunga? Na hao wengine, umewatunga pia?”

“Hapana, ni hilo jina tu. Naomba ulifute.”

“Mimi sifuti cha mtu. Rudi chuoni ukaandike upya, mwakani ulete iliyo kweli.”

Mwakani. Mwaka mwingine bila shahada. Lakini Agnetha alimtazama tena bibi.

“Sawa,” alisema. “Nitarudi mwakani.”

Angeondoka hivyo. Alikuwa ameshainua mkoba.

“Mtoto hajatunga,” Bibi Costansia alisema. Alisimama kwa kujishika bega la mwanamke aliyekaa mbele yake. “Nyirabageni ni mimi.”

“Bibi, tafadhali, kaa,” Agnetha alinong’ona.

“Nikae wapi? Nimeshasimama.”

“Mmesikia wananchi!” Mugisha alipaza sauti. “Miaka yote nasema, ule mpaka wangu umeliwa na mtu asiyejulikana atokako!”

Agnetha alimtafuta kwa macho Benadeta, ambaye mguu wa mwanawe uliponywa na mikono ya bibi usikatwe. Benadeta alikuwa akitafuta kitu kwenye mchanga, na hakukipata mpaka kikao kikaisha.

Mtendaji aligonga muhuri kwenye barua ya Agnetha. Kisha akavuta karatasi nyingine, tupu, akavaa miwani, akamwomba bibi amtajie hilo jina tena, polepole, asije akalikosea.

Kabla hajaitwa na watu wa uhamiaji kuulizwa habari za kitambulisho, bibi alihama. Alikwenda Nkwenda, kwa mwanawe Gideon, anayepakia ndizi kwenye malori. Mugisha akapanda maharage mpaka mlangoni pa jiko la bibi.

Agnetha alimfuata huko baada ya mahafali. Alimkuta uani, kwenye kigoda, mbele ya chumba cha kupanga, akimenya ndizi za watu wengine.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.” Hakuongeza mjukuu wangu.

“Nimelifuta, bibi. Nakala iliyobaki chuoni haina jina lako.”

“Na Bugomora? Huko nako umelifuta?”

Agnetha alichuchumaa. Akachukua kisu kingine, wakamenya hadi mpangaji wa chumba cha pili alipokuja na mtoto wake mgongoni. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kilicholowa usaha.

“Bibi, samahani,” mwanamke alisema. “Gideon kaniambia wewe unajua dawa ya vidonda. Ya majani na samli.”

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye ndizi.

“Kakosea. Mimi sijui dawa yoyote,” alisema. “Muulize huyu. Dawa ni yake, na cheti anacho.”

Mwanamke akamgeukia Agnetha, akamshusha mtoto, akaanza kufungua kitambaa. Agnetha akainama karibu sana na kile kidonda, ili asionane uso kwa uso na bibi.