Usiku wa Saba ni Bure

Wasafiri wenzangu wakiniuliza kama kadi ya Nanga ina faida, siku hizi nawajibu kwamba inayo, halafu nageuza mazungumzo. Zamani nisingeishia hapo. Zamani ungeniuliza swali hilo, usingepata nafasi ya kuinuka kitini.

Nanga ni kampuni yenye kambi za karavani karibu kila mji wa pwani ya Australia. Unalipa uanachama wa miaka miwili, unapewa kadi, na kila ukilala kwao unapunguziwa bei na kuongezewa pointi. Ukikaa wiki nzima unalipia siku sita, na usiku wa saba ni bure. Mimi, Merv Tilbrook, nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha chuma pale Whyalla kwa miaka thelathini na moja, na niliposoma maneno hayo niliona kama nimepata dini. Mke wangu Noelene alikuwa akishona nguo za maharusi. Tulipostaafu aliuza vyerehani vyake, tukanunua karavani, nyumba ndogo ya magurudumu, tukaifunga nyuma ya gari na kuanza kuizunguka nchi pamoja na wazee wengine wote wenye magoti mabovu na muda mwingi.

Saa kumi na moja jioni, kila kambi, watu hutoa viti vya kukunja, kila mmoja na kinywaji chake, kikao kinaanza. Hapo ndipo nilipohubiri. Siku zote kulikuwa na wale wanaolala porini bila bomba wala umeme, wanaotuona wajinga kwa kulipia maji ya kuoga, na mimi nilikuwa na majibu yao yote. Noelene alikuwa akinifinya paja nikizidisha. Sikuacha, nilisogeza kiti.

Mwezi wa tano wa mwaka wetu wa sita barabarani, daktari wa macho alitueleza bila kuzunguka. Jicho la kushoto la Noelene lilikuwa limekwisha katikati. Akimtazama mtu alimwona masikio, uso hakuna. La kulia lilikuwa linafuata. Dawa hakuna, na miwani isingesaidia. Daktari alisema kama mama ana kitu anachotaka kukiona, akione mwaka huu.

Nilidhani atamtaja binti yetu aliyeolewa Kanada. Noelene akasema anataka kuona maua ya shada.

Maua hayo yanaota Magharibi mwa nchi tu, kwenye changarawe za kando ya barabara, karibu na kijiji cha Pindar. Mmea wake hutambaa chini kwa mduara, katikati ni majani matupu, na maua huchanua ukingoni, pande zote, ukadhani kuna bibi harusi aliyevua shada lake kichwani akaliacha barabarani. Noelene aliyaona kwenye kalenda alipokuwa msichana. Maisha yake yote alishonea watu mashada ya kitambaa, na kila mara alisema ipo siku atakwenda kuliangalia lile la kweli. Maua yenyewe huchanua kwa wiki chache, mwezi wa nane na wa tisa, na joto likiingia yamekwisha.

Kwa hiyo safari ile ilikuwa na sababu moja tu. Nami nikaipanga kwa kufuata ramani ya Nanga.

Pindar hakuna kambi ya Nanga. Eneo lote lile la bara hakuna. Tulifika Geraldton katikati ya mwezi wa nane, na kutoka pale hadi kwenye maua ni mwendo wa saa moja na nusu. Nikamwambia bado ni mapema, tupande kwanza kaskazini tuote jua, tutayakuta wakati wa kurudi. Ni kweli ilikuwa mapema kidogo. Ni kweli pia kwamba kule juu, Carnarvon, kulikuwa na wiki yangu ya usiku wa saba bure. Noelene akakubali. Si mtu wa kubishana. Ni mtu wa kusema jambo mara moja.

Kwa miaka sita, nikirudisha karavani kinyumenyume, yeye ndiye aliyesimama nyuma na kunielekeza kwa mikono. Wapo watu wazima walioachana kwa sababu ya kazi hiyo. Sisi tulikuwa hatujawahi hata kupandishiana sauti. Tulipoingia Carnarvon, siku ya Jumapili, alinionyesha nije, nije tu, nikaligonga bomba la maji. Maji yakaruka juu. Akabaki amesimama pale, amelowa, mikono bado hewani.

"Sikuliona," alisema. "Lilikuwa katikati."

Nilicheka ili asijisikie vibaya, nikaenda mapokezi kuomba radhi. Nilitakiwa kuwaomba radhi na kuondoka saa ileile.

Jumatano jioni alikuja kwenye kikao mzee mmoja anayeitwa Lindsay, dereva mstaafu wa malori, ametoka kusini siku hiyo. Alikuwa na picha kwenye simu. Maua ya shada, alisema, mwaka huu yamestawi kuliko miaka yote aliyowahi kupita kule, mengine mapana kuliko tairi la lori lake. Akampa Noelene simu. Noelene akaiinamisha huku na huku, akageuza kichwa kushoto, kisha kulia, akitafuta pa kupenyeza jicho. Kisha akairudisha. Lindsay akaongeza kwamba redio imetangaza upepo wa joto kutoka mashariki kuanzia Ijumaa, na maua yale yakipigwa na upepo huo siku mbili tatu, kwisha habari yake.

"Merv," alisema Noelene, "twende kesho asubuhi."

Watu kama kumi walikuwa wanasikiliza. Wengi wao nilikuwa nimewahubiria jana yake.

"Kesho Alhamisi, mpenzi," nikamwambia. "Tukiondoka kesho tunaupoteza usiku wa saba. Tumeshaulipia."

"Mzee," Lindsay akauliza, "kitu cha bure unakilipiaje?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, lakini kicheko chao kilinichoma, na nilitaka niwe wa mwisho kuchekesha. Nikasema maua hayana miguu.

"Macho yangu yanayo," Noelene akajibu.

Alilisema taratibu tu, akiwa ameshika kikombe chake. Mtu mmoja akaanza kuulizia kifungulio cha chupa. Nilijua kabisa alichosema. Nisidanganye hapa kwamba sikuelewa, nilielewa, na sikutaka kuonekana mbele ya watu wale nimeyumbishwa. Hakurudia tena, wala usiku ule wala asubuhi yake.

Ijumaa upepo ukaja. Turubai letu lilipigapiga mchana kutwa, na Noelene alikaa ndani, madirisha yamefungwa, bila redio. Alikuwa anausikiliza. Jumamosi ukaongezeka. Usiku wa Jumamosi ndio ule wa saba, na nililala fofofo mpaka jua likachomoza.

Jumapili tukashika njia. Nilijitia kuharakisha, lakini hata hapo nilisimama Geraldton tukalala kwa Nanga, kwa sababu pointi zilikuwa zinakaribia kuisha muda wake. Kulala siku moja hawakuruhusu, tukalala mbili. Jumanne saa nne asubuhi tukawa Pindar.

Nikaegesha pembeni. Noelene akavua mkanda wa gari, akafuta miwani yake ya jua ingawa haikuwa na vumbi. Nilimwambia asubiri kidogo niangalie pa kukanyaga. Nikashuka.

Mashada yalikuwepo, mengi, yametapakaa kwenye changarawe nyekundu hadi kwenye uzio. Yote yalikuwa ya kahawia. Nilitembea hatua hamsini upande mmoja na hamsini upande wa pili nikitafuta hata moja lililojificha kwenye kivuli. Kulikuwa na maua makavu yaliyokunjamana, na mengine upepo ulikuwa umeshayapeleka.

"Yapo?" aliniita kutoka ndani ya gari.

Ningeweza kusema neno moja la kweli pale.

"Yapo," nikasema. "Njoo."

Nikamshika mkono nikampeleka kwenye lile kubwa zaidi. Akapiga magoti, kazi isiyo ndogo kwa umri wake, akauliza yana rangi gani. Nikamweleza ile kalenda ambayo alikuwa amenisimulia mara mia: meupe kama maziwa ndani, ukingoni yanaingia waridi, mengine mekundu kabisa. Akanyoosha mkono. Vidole vyake viliweza kutofautisha hariri na hariri gizani. Akashika ua moja, likavunjika na kuwa unga.

"Na hili?" akauliza.

"Hilo la waridi."

"Na hili?"

"Jeupe. Ukingo mwekundu."

Aliniuliza mara tano au sita, akisogeza mkono kutoka ua hadi ua, na kila mara nilimjibu rangi. Nilikuwa nimejikaza, najisifu moyoni kwamba sauti haitetemeki. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akaninyooshea nimwinue.

"Asante, Merv," alisema.

Usiku ule hatukwenda kwa Nanga. Tulilala Mullewa, kwenye uwanja wa halmashauri, bomba moja na choo kimoja. Saa kumi na moja viti vikatoka. Mama mmoja aitwaye Glenys, aliyekuwa ameingia muda mfupi tu na dada yake, alituuliza kama maua ya shada bado yapo, maana wametoka mbali kwa ajili yake na wanaogopa huu upepo. Alikuwa akimtazama Noelene.

"Mimi sioni vizuri," Noelene akamwambia. "Mume wangu ameyaona. Muulize yeye."

Glenys akanigeukia. Dada yake naye. Noelene alikuwa ametazama mbele, kule barabarani, na kikombe magotini. Ningeweza kumdanganya mama yule pia, akaendesha kilomita thelathini kwenda kuangalia nyasi kavu.

"Yamekauka," nikasema. "Yote. Hakuna hata moja."

Glenys akasikitika, akasema labda mwakani. Dada yake akaenda kuchemsha maji. Nikabaki na mke wangu, na sikujua niweke wapi uso wangu, ingawa hakuwa na uwezo wa kuuona.

"Nilijua tangu nilipolishika la kwanza," Noelene akasema. "Mengine nilikuwa nauliza ili uniambie."

Nikaanza kumwomba msamaha. Nilitaja Carnarvon, nilitaja Geraldton, nilitaja na kadi. Akanipigapiga goti, akasema basi, Merv, basi, chai inapoa. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Mwaka uliofuata jicho la kulia nalo likafunga, kama daktari alivyosema. Bado tunasafiri, maana amekataa kukaa nyumbani. Kadi niliiacha ikaisha muda, na hilo halikurudisha chochote. Nikirudisha karavani siku hizi naelekezwa na yeyote apitaye. Mimi ndiye macho yake sasa: namsomea ubao wa vyakula, namweleza mawingu, namwambia bahari leo ina rangi gani, na ninajitahidi kutia hata vitu vidogo, nisizidishe wala kupunguza. Husikiliza kwa adabu. Hajawahi kunitupia neno la lawama, na watu husema tunapendana kwelikweli, nami naamini hivyo.

Lakini nikimwambia ngazi zimebaki mbili, husema asante, halafu hutanguliza mguu akapapasa. Nikimwambia chai imepoa, anywe tu, huchovya kidole kwanza.