Mstari wa Simsim katika Faili la Shamim

Haya yote ni kweli tupu, wallahi, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Anayesimulia ni mzee aliyestaafu kuendesha malori, na ameapa mbele ya watu wa chai pale Arua: akikamatwa na uongo hata mmoja, anatoa jogoo wake mwekundu, yule ambaye akiwika Arua, Wakongo ng'ambo ya mpaka wanaamka na kuanza kupika. Jogoo yule anapendwa kuliko wajukuu. Basi msikilizeni kwa amani.

Shamim alikuwa mjane wa mji wa Koboko, muuza mandazi na vitumbua vya simsim, yaani ufuta, kwa miaka saba. Mumewe, Tahiru, alifariki na kumwachia binti wa miaka sita, Zuhurah, na shemeji mmoja, Muzamili. Eda ilipokwisha, Muzamili alimtaka mtoto. Alisema damu ya kaka yake lazima ilelewe kwao. Shamim alikataa. Hapo ndipo maneno yalipoanza kutembea sokoni: Shamim ana ugonjwa wa kifua.

Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ya zamani. Alikuwa ameugua, akameza dawa miezi sita bila kuruka siku, akapona. Hakumwambia mtu ila mumewe, naye alikuwa kaburini. Lakini nani atakula kitumbua cha mtu wa kifua? Beseni lilianza kurudi nyumbani limejaa. Shamim akamshika binti mkono, akahamia Arua, akapanga chumba kule Mvara, akanunua laini mpya ya simu. Akadhani amefika mbali.

Siku mbili baada ya kwenda kliniki kupimwa, simu ikaita.

"Shemeji," sauti ikasema, taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. "Mvara iko baridi?"

Shamim akaenda kusukuma komeo la mlango.

"Ule mlango wa bluu unafunga vizuri? Na mbona unakonda hivi? Kilo hamsini na moja. Mtoto ya kaka yangu unamlisha nini?"

Simu ikakatika. Shamim akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Mlango wa bluu, mtu anaweza kuuona akipita. Namba ya simu, rafiki anaweza kuropoka. Lakini kilo hamsini na moja? Uzito ule ulijulikana na mzani wa kliniki tu, na nesi aliyeuandika.

Nesi huyo aliitwa Alphonsine, Mkongo aliyevuka mpaka zamani akabaki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Shamim alipomsimulia, aliweka kalamu chini.

"Mama, ile kilo ni mimi niliandika. Sijaambia mutu. Lakini kompyuta yetu na ya tawi yetu ya Koboko ni moja. Nikiandika huku, kule wanasoma."

"Na huko karani wa mafaili ni nani?"

"Kijana moja, Muzamili."

Shamim akafumba macho. Alijua ni karani, hakujua ni wa kliniki; kumbe na maneno ya sokoni yalitoka humo. "Huyo ni shemeji yangu."

Wakaenda kwa daktari mwenye kliniki. Daktari alisikiliza, akajikuna kichwa. Neno la siri la kompyuta lilikuwa moja tu, watu sita walilitumia, na lilibandikwa ukutani kwa plasta ya vidonda ili lisisahaulike. Kompyuta ilijua faili limefunguliwa. Haikujua na nani.

"Nikimfukuza bila ushahidi," daktari akasema, "ukoo wake mzima unakuja kukaa hapa mlangoni na mikeka. Nipe kitu ya kushika mkononi."

Na wakati ulikuwa mfupi. Wazee wa ukoo walikuwa wameitisha kikao Koboko, Ijumaa ya wiki iliyofuata, kuamua Zuhurah akae wapi.

Alphonsine ndiye aliyeipata njia. Habari za kweli za Shamim alizihamishia kwenye daftari la karatasi, akalifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo, alisema, hata jeshi halijawahi kufika. Kwenye kompyuta wakaacha mstari mmoja wa uongo: *Tangu matibabu ya kifua, simsim inamdhuru. Akionja tu, koo linavimba, anapoteza fahamu.* Wakaandika karatasi inayosema mstari huo si kweli, wakaitia tarehe na saini tatu: daktari, Alphonsine, Shamim. Mtu wa nne hakuambiwa.

"Na asipoisoma?" Shamim aliuliza.

"Ataisoma, mama. Mutu mwenye kuzoea kuchungulia, shingo haimutulii."

Siku zile Shamim hakulala vizuri. Kila simu ilipolia, Zuhurah alimtazama mama yake usoni kwanza. Mtoto alikuwa ameshajifunza.

Ijumaa, baada ya swala, wakakaa nyumbani kwa Hajji Nasur, ami yake marehemu Tahiru. Wanaume kwenye mkeka wa mbele, wanawake ukutani, Alphonsine katikati ya wanawake kama mgeni wa Shamim. Chakula kililetwa, kimefunikwa kwa kawa za rangi zilizosukwa na mikono ya nyumba ile: kisra, mikate ile myembamba kama kitambaa, na bakuli la simsim iliyosagwa.

Muzamili alivaa kanzu nyeupe, akasema vizuri, kwa heshima. Mtoto ni amana. Mama yake hana kazi. Kisha akainamisha kichwa kama mtu anayeona haya kwa niaba ya mwingine.

"Ami, sipendi kusema ugonjwa ya mtu. Lakini huyu mama, mwili wake umeharibika. Hata hii simsim mbele yetu hawezi kuonja. Koo inavimba, anaanguka chini. Akianguka wako wawili tu nyumbani, mtoto ataita nani?"

Wanawake wakashika vinywa. Nyumba ikanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kukubwa hivi kwamba kuku wa uani waliacha kudonoa, wakasogea mlangoni kusikiliza.

Shamim akasogea mbele kwa magoti. Akafunua kawa. Akamega kisra, akachovya kwenye simsim mpaka vidole vikapotea, akala. Akamega tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Tonge kumi na saba alizila, wote wakihesabu, wakingoja aanguke. Hajji Nasur aliitazama saa yake robo saa nzima.

"Hajaanguka," akasema Hajji.

"Labda leo..." Muzamili akaanza.

"Miaka saba nimekula vitumbua vyake vya simsim. Nani alikuambia simsim inamuua?"

"Watu wanasema, Ami."

"Watu gani?"

Muzamili akatazama mkeka. Alphonsine akainuka, akampa Hajji ile karatasi yenye saini tatu.

"Hii maneno tuliandika mahali pamoja tu duniani," akasema. "Kwenye faili yake. Ni uongo, na sisi watatu ndiyo tulijua. Sasa huyu ni wa ine."

Hajji alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Hakupaza sauti. "Umefungua sanduku la mjane wa ndugu yako," akasema. "Mtoto anabaki kwa mama. Wewe, toka kwenye mkeka wangu."

Jumatatu, Muzamili hakuwa tena karani, na lile neno la siri likabanduliwa ukutani. Lakini Koboko hawakununua vitumbua kama zamani. Lililokwisha kusemwa lilikuwa limesemwa, na Shamim alirudi Mvara na binti yake.

Hapo mzee akainua kikombe anywe chai. Nyuma yake, mwanamke aliyekuja kununua sukari alikuwa amesimama tangu mwanzo, msichana mdogo ameshika nguo yake.

"Mzee. Yule mama anaitwa Shamim?"

Mzee akageuka. Kikombe kikatua mezani bila kunywewa. "Ndiyo, binti yangu. Shamim."

"Ugonjwa wake kifua?"

"Kifua."

"Na alikula simsim? Kumi na saba?"

"Simsim," mzee akasema, kwa sauti ndogo. "Kumi na saba."

Mwanamke, ambaye jina lake si Shamim, ambaye kifua chake hakijawahi kuugua, na ambaye siku ile ya kikao hakuonja simsim, alimtazama mzee kwa muda mrefu. Macho yake yalilainika.

"Hakuna hata moja ya kweli," akasema. "Na umeapa. Lipa."

Watu wa chai wakapiga meza kwa vicheko. Mzee hakubisha. Alikwenda uani, akarudi na jogoo mwekundu amefungwa miguu, akamkabidhi yule msichana kwa mikono miwili. Walipomuuliza ukweli basi ulikuwa upi, mwanamke yule ni nani na aliugua nini, mzee alijaza mdomo chai ya moto na hakuimeza mpaka mama na binti walipofika mbali.