Tovuti Iliyoletewa Rambirambi

Gaudiosa hakuwa mtu wa kudanganywa na watu. Wauza dawa za kunenepesha wa stendi ya Mikumi walimjua, na wachuuzi wa vitenge waliupita mlango wake bila kubisha. Ilipobidi adanganywe, kazi hiyo aliifanya mwenyewe, na aliifanya vizuri.

Mwaka huu alijidanganya kwa tovuti.

Chanzo kilikuwa shemeji yake Octavian, mdogo wa marehemu Bonifas. Bonifas, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alimwachia mjane wake gesti ya vyumba sita kando ya barabara kuu ya Iringa. Vyumba hivyo sasa vilishinda na kulala vitupu, huku gesti za jirani, zenye baa na spika, zikijaa. Octavian alitaka na hii iwe baa. Alikuwa na sehemu yake kwenye kiwanja, kwa hiyo hakuweza kufukuzwa kama mbuzi aliyeingia jikoni.

"Shemeji, Mungu hakukataza watu kunywa," alisema.

"Hakukataza. Lakini hakuniambia niwamiminie."

Wakapatana mbele ya mwenyekiti wa jumuiya: vyumba vikipata wageni kabla ya Pasaka, gesti inabaki gesti. Visipopata, Octavian analeta spika.

Gaudiosa akafunga safari hadi Kilosa mjini, Magomeni, kwa Lilian, binti wa mdogo wake, aliyekuwa na steshenari na cheti cha kompyuta. Lilian akamweleza kwamba siku hizi msafiri hutafuta pa kulala kwenye simu akiwa bado njiani.

"Sasa mama mkubwa, mtu akifungua ukurasa wako, unataka aone nini kwanza?"

Hilo halikuhitaji kufikiri. Mgeni akiingia nyumbani kwa watu, kwanza hutambulishwa kwa mwenye nyumba. Gaudiosa akachomoa kwenye kitabu cha sala picha ya Bonifas, ile ya misa ya arobaini, yenye msalaba pembeni.

"Baba yako mkubwa," alisema.

Lilian akaipokea picha. "Na vyumba?"

"Vyumba havikimbii."

"Watu wa mtandaoni hawana subira, mama mkubwa."

"Nani analala kwenye nyumba asiyemjua aliyeijenga? Andika."

Lilian akaandika, mchana kutwa. Bonifas alizaliwa Rudewa, mtoto wa mkata mkonge. Alijifunza kuchomelea. Alimposa Gaudiosa mara tatu, mbili akakataliwa, na Gaudiosa alisisitiza hizo mbili ziandikwe. Alijenga gesti tofali kwa tofali, akaugua, akawasamehe wote waliomkosea, wawili kwa majina, akalala. Ikafuata sala fupi ya wasafiri. Baada ya sala fupi, sala ndefu. Chini kabisa, mahali ambapo hata Lilian alifika amechoka, ndipo palipokuwa na vyumba na namba ya simu. Kisanduku cha kuandikia ujumbe Lilian alikiweka juu, chini ya picha, walau mtu mvivu akione.

Mashine nayo ikaongeza kitu ambacho hakuna aliyekiagiza: chini ya sura ya Bonifas iliweka tarehe ya siku ile, siku ukurasa ulipopandishwa. Gaudiosa aliiona, akaipenda. Barua yoyote ya heshima ina tarehe.

Ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu yake kabla hajatua Mikumi. "Pole sana mama, Bwana alitoa na Bwana ametwaa." "Apumzike kwa amani mzee wetu." Gaudiosa, mjane wa miaka tisa, akasoma mpaka machozi yakamlengalenga. Kumbe nchi bado ina watu. Akamjibu kila mmoja: "Ahsante mwanangu." Wiki ya pili walifika arobaini na mmoja, naye akafua mashuka yote kumi na mawili, akayaanika uani, kuku wakawa wanapita chini yake kama maharusi.

"Wameshakuja arobaini na mmoja," alimwambia Octavian.

"Wamelala wapi?"

"Wameanza kwa adabu. Mtu hasalimii akiwa amelala."

Jumanne ya Juma Kuu, Octavian alikuwa sebuleni na kamba yake, akipima pa kuweka kaunta, mwanamume mmoja alipoingia ameshika kofia mkononi. Kwa mkono wa pili alibeba kilo mbili za sukari. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayeogopa kukiumiza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Samsoni, dereva wa malori. Poleni sana na msiba." Akashusha sauti. "Mmeshazika?"

Kamba ya Octavian ikalegea.

"Tumeshazika," Gaudiosa alijibu polepole. "Huu ni mwaka wa tisa."

Samsoni akaitazama sukari yake, kisha simu yake. "Mbona hapa wameandika tarehe ya mwezi huu?"

Octavian akageukia ukutani, akizuia kicheko. Gaudiosa hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Arobaini na mmoja. Alikuwa ameishukuru nusu ya nchi kwa kuja kwenye msiba usiokuwapo. Na wiki hii ilikuwa ya kitubio. Angeanzia wapi? Padre, nimemzika mume wangu mara ya pili, kwa simu?

"Mzee aliwahi kunichomelea trela," Samsoni alisema. "Akakataa niondoke bila kula. Ndiyo maana nimesimama."

"Uliponiona mtandaoni hukujua kwamba hapa ni gesti?"

"Niliona msiba, mama."

Gaudiosa akajikaza. Kama kuna kitu alichojaliwa, ni kutazama. Miaka ishirini ya mapokezi ilikuwa imemfundisha kumjua mgeni kwa anavyoshika begi. "Fungua tena mbele yangu," alisema. "Jifanye unatafuta pa kulala. Mimi nitanyamaza."

Kunyamaza ndiko kulikomshinda kidogo, lakini aliuma midomo. Kidole gumba cha Samsoni kikaipita Rudewa, kikazipita posa zote tatu, kikashuka kwenye ugonjwa kama lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga. Hata kwenye msamaha hakikusimama. Kilipofika kwenye sala ndefu kikakata tamaa, kikapanda tena juu, kikamgonga Bonifas usoni mara mbili, labda atafunguka.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Gari linalala wapi."

"Hilo halimo."

"Basi mama, usinichukie, dereva hayo mengine hatayasoma. Jana nimelala kwenye usukani, nalinda mafuta, na muziki wa baa kichwani."

Akampeleka nyuma. Uani palikuwa na kuku, mashuka, na geti la chuma ambalo Bonifas alilichomelea pana kwa ajili ya wateja wa karakana yake. Samsoni akapima kwa hatua. "Semitrela mbili zinaingia. Tatu, madereva wakipendana." Akalileta lori lake, akalala tangu saa sita hadi jioni kama gogo.

Gaudiosa akampigia Lilian.

"Mshushe baba yako mkubwa."

"Hadi wapi?"

"Chini kabisa." Lilikuwa neno zito kuliko alivyodhani. "Na tarehe iondoe. Juu weka geti, nakutumia picha. Andika: gari linalala ndani, hakuna muziki. Halafu namba ya simu, kubwa, mtu mwenye usingizi aione."

"Na sala?"

"Fupi ibaki. Ndefu nitaisali mwenyewe."

Lilian alipomrudishia ukurasa, Gaudiosa akaliangalia geti lake, akacheka peke yake. Bonifas alikuwa na tabia ya kuchomelea jina lake kwenye kila chuma alichotengeneza, hata mlango wa choo. Lilikuwa pale katikati ya nondo, herufi kubwa. Amemshusha, kumbe yupo juu vilevile.

Alhamisi Kuu yaliingia malori mawili. Jumamosi vyumba vinne vilikuwa na watu wanaokoroma. Octavian alikuja na kamba yake asubuhi ya Pasaka, akakuta dereva anahangaika kurudi nyuma kupita getini.

"Mzee, niongoze hapo."

Octavian akaitia kamba mfukoni. "Rudi. Rudi. Kata kushoto. Rudi."

Gaudiosa alimtazama kutoka dirishani, rozari mkononi. Simu ikalia. Kuna mtu alikuwa ameusoma ukurasa hadi mwisho: "Pole sana mama, nimeona leo hii."

Akaanza kuandika kwamba ni miaka tisa. Akafuta. Akaandika upya: "Ahsante mwanangu. Uani bado kuna nafasi ya gari moja."